Babu Aliyeshindwa Kuzimia

Mume wangu Methusela hakuwahi kunyamaza alipoamkiwa. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye kwa nini mambo yalikwenda vile kule Makambako. Ukimwamkia yuko juu ya paa anaezeka, ataachia nyasi aitikie. Ukimwamkia mdomo umejaa viazi, atameza haraka mpaka macho yamtoke, lakini ataitikia. Tena haitikii mara moja akaachana nawe kama watu wengine. Atakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za ndama, na za yule mjomba wako mwenye goti bovu. Alfajiri watu wakipita njiani kwenda mashambani, wakirusha tu salamu yetu, "Kamwene!", kwa kuwa wameona moshi wetu, yeye aliye usingizini fofofo hujibu "Kamwene!" kisha akaendelea kukoroma. Nimelala ubavuni mwa mtu huyo tangu nilipoolewa, najua ninachosema.

Basi, enzi zile Waingereza wangali wanatutawala, shule ya kati iliyokuwa upande wa pili wa kilima chetu hapa Njombe ilianzisha darasa jipya. Wanafunzi wengine walikuwa wakifundishwa useremala na kilimo. Hawa wa darasa jipya wakawa wanafundishwa kazi za hospitali kila mchana baada ya masomo: kuosha vidonda, kufunga bendeji, kupima homa, na kumbeba mtu kwenye machela bila kumwangusha kwenye mtaro. Watakaofaulu mtihani wa vitendo wangepelekwa chuo cha wauguzi. Watakaoshindwa wangerudi nyumbani kulima pareto na kuwafunga mbuzi bendeji.

Mjukuu wangu Tabea alichaguliwa. Huyu ni binti wa mwanangu Mika, aliyekuwa na mkewe kwenye mashamba ya chai kule Lupembe, nasi tulibaki na mtoto ili asome. Tabea alikuwa akiutaka uuguzi tangu akiwa mdogo. Kuku wangu mmoja aliwahi kutembea mwezi mzima amefungwa vibao mguuni, na kuku mwenyewe hakuwa ameumia popote. Nilicheka, lakini nilijua yalikotoka. Mdogo wake alifariki kwa homa mikononi mwetu sote, na siku ile Tabea alikaa kizingitini akaniuliza, "Bibi, ni nani hufundishwa kuzuia jambo kama hili?" Sikuwa na jibu. Shule ilipoleta jibu, mtoto alilishika kwa mikono miwili.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa Festo, dresa wa jeshi, yaani mfunga vidonda, aliyerudi kutoka vita vya Burma na sauti kubwa kuliko kifua chake. Alifundisha vizuri, siwezi kumnyima haki yake, ila alifundisha kwa amri. Hata kikohozi alikitolea amri. Na kwa kuwa watu wetu hawakupenda kulazwa chini mchana kweupe wakijifanya mahututi, kwa kuogopa kuyaita mabaya, alitoa amri nyingine: kila mwanafunzi alete mgonjwa wake kutoka nyumbani, na mgonjwa huyo huyo ndiye atakayekwenda naye kwenye mtihani.

Mgonjwa wa kwanza wa Tabea nilikuwa mimi. Nilidumu muda mfupi sana. Nina mtekenyo wa ajabu, na mtoto alipogusa mbavu zangu kutafuta mfupa uliovunjika nilipiga kelele nikampiga teke mwalimu Festo gotini. Nilifukuzwa ugonjwa. Ndipo akaitwa Babu.

Methusela alifurahi mno. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukaa benchi la mbele, na alipenda kazi yoyote iliyomfanya atazamwe. Alivaa koti lake la Jumapili na kofia, akaenda kuzimia.

"Mgonjwa, zimia!" akaamrisha mwalimu Festo.

Methusela akalala kwenye nyasi, kofia kifuani, macho amefumba. Tabea akapiga magoti, akaanza kumfunga vibao mguuni kama alivyofundishwa, kimoja huku na kimoja huku, bendeji ikizunguka taratibu. Nilikuwa nimesimama kwenye ua na mama wengine nikisema moyoni, leo huyu mwanaume amejua kukaa kimya. Mara Mchungaji akapita barabarani na baiskeli yake.

"Kamwene, Mzee Methusela!"

Methusela akaketi wima. Akavaa kofia ili apate kuivua. "Kamwene, Mchungaji! Habari za nyumbani? Mama Mchungaji hajambo? Na yule ng'ombe aliyekuwa hapandi mlima, amepanda?"

"Mzee!" alipiga kelele mwalimu Festo. "Umezimia!"

"Najua, mwalimu. Lakini huyu ni Mchungaji."

"Mtu aliyezimia hamjui Mchungaji!"

"Mimi namjua vizuri sana," alisema Methusela, akimhurumia mwalimu kidogo. "Ndiye aliyemzika mama yangu."

Tukadhani ni bahati mbaya ya siku moja. Haikuwa. Alikuja kuamkiwa na mwenye duka, akaamkiwa na karani wa boma, akaamkiwa na mtoto anayechunga mbuzi, na wote aliwaitikia kutoka kwenye usingizi wa mauti. Mara moja aliamkiwa akiwa tayari kwenye machela inabebwa. Aliwasihi wabebaji wasimame kwanza, kwa sababu si adabu kumpita mtu unayezungumza naye.

Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa Kasimiri. Huyu alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, kutoka upande wa misheni ya Wakatoliki, baba yake Konsolata, msichana aliyesoma darasa moja na Tabea. Kasimiri alikuwa anazimia, jamani. Ukimwambia zimia, anazimia hapo hapo kama gunia la viazi lililoshushwa. Nzi walitembea mdomoni mwake wakaondoka wenyewe kwa kukosa la kufanya. Watu walianza kutoka vijijini kuja kumtazama. Siku moja nje ya kanisa letu, kanisa la Kilutheri, nikamsikia mtu akisema kwa sauti kwamba Wakatoliki wanazimia vizuri kuliko sisi, na nikaona masikio ya mume wangu yakishuka.

Mwalimu Festo akamwita Tabea kando. Mtoto alirudi nyumbani uso umemvimba kwa kulia.

"Amesema mtihani utafanyika Makambako," alituambia, akiwa amekaa jikoni na kijiko mkononi asichokitumia. "Bibi Mkaguzi anatoka Iringa, na mvua hizi gari lake haliwezi kupanda mpaka huku, kwa hiyo sisi ndio tutashuka. Na mgonjwa akisema neno moja tu, nimeanguka. Kubadilisha mgonjwa hakuna tena."

Halafu akamgeukia babu yake. "Babu, nakuomba. Siku hiyo moja tu."

"Siku hiyo moja tu, mjukuu wangu," alisema Methusela, akaweka mkono kifuani.

Nilijua hawezi. Ila nilijaribu kumsaidia, maana mtoto ni wangu. Nilimziba masikio kwa pamba, nikamlaza sakafuni, nikampita nikisema "Kamwene." Aliona midomo yangu ikicheza, akaitikia. Nikamfunga na macho kwa kitambaa. Tukakaa kimya, mimi na Tabea tumeshikana mikono, na Methusela amelala pale masikio yamezibwa na macho yamefungwa. Akasikia mtetemo wa miguu mlangoni, akasema, "Kamwene, karibu ndani, habari za huko?" Alikuwa ng'ombe.

"Baba Mika," nilimwambia, "wewe hata ukifa utachelewesha mazishi."

Hakujibu, na hilo peke yake lingenishtua. Alichukua fimbo yake akatoka. Mahali alipokwenda nilikuja kuambiwa baadaye na Kasimiri mwenyewe, aliyeapa kwa watakatifu wote anaowajua. Methusela alikwenda kwenye mianzi yake. Mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye tangu ubatizo hajaonja kilevi, alisimama chini ya mianzi ya Mkatoliki na kofia mkononi akamwomba amfundishe kuzimia.

Kasimiri alicheka sana, kisha akamwonea huruma. Akamwambia siri yake haikuwa kubwa. Kabla ya kwenda kulala pale shuleni, yeye hunywa ulanzi wake kidogo, usingizi ukaja wenyewe. Akamjazia Methusela kibuyu cha mtogwa. Mtogwa ni ulanzi wa siku hiyo hiyo, mtamu, hata mama anayenyonyesha hupewa. "Unywe funda moja moja njiani," alimwambia. "Ukifika Makambako hutaamka hata ukiamkiwa na malaika."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa la mtu asiyekunywa. Mnywaji yeyote wa Njombe anajua kwamba mtogwa ukilala unageuka mkangafu, ulanzi mkali, na ukilala mahali pa joto unageuka mkangafu wenye hasira. Methusela hakujua. Yeye alijua tu kwamba mimi nina pua. Kwa hiyo alikificha kibuyu darini, juu ya moto wangu wa jikoni, mahali pa joto kuliko pote katika nyanda hizi za baridi. Kikakaa huko kikichemka kimya kimya mpaka siku ya safari.

Tulisafiri kwa lori la magome ya miti ya miwati, wanafunzi, wagonjwa na sisi wasindikizaji tumekaa juu ya magome. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, na wagonjwa walisukuma kuliko wote. Methusela peke yake hakusukuma. Alikuwa amejikunyata pembeni na blanketi lake, amekumbatia kitu.

"Una nini humo?" nilimuuliza.

"Dawa ya kifua," alisema. Hakunitazama usoni.

Ningenusa ningejua, lakini lori lilikuwa linakwenda, magome ya miwati yananuka yenyewe, na kadiri tulivyokaribia Makambako upepo ulizidi. Mtu asiyeujua upepo wa Makambako hawezi kunielewa. Unachukua kofia, unachukua kanga, unachukua maneno kabla hayajafika kwa mwenzako. Harufu ya mume wangu uliichukua yote ukaipeleka Iringa. Nilichoona mimi ni kwamba alikuwa akipiga mafunda, akitabasamu, na kwamba mwisho wa safari Kasimiri alimwamkia naye akachelewa kuitikia. Nikafikiri, sifa kwa Mungu, amejifunza.

Mtihani ulifanyika kwenye baraza la mahakama. Wagonjwa walipangwa chini kwenye mikeka kama samaki wa kuanikwa, na kila mwanafunzi akasimama miguuni mwa wake. Methusela alifika mkekani kwa kushikwa mkono. Alilala kabla ya amri.

"Wagonjwa, zimia!" akaamrisha mwalimu Festo, jasho likimtoka. Alikuwa ametuambia sote kwamba huyu Bibi Mkaguzi hana mchezo, na kwamba wakianguka wengi darasa lenyewe litafungwa.

Bibi Mkaguzi akaingia. Alikuwa Mzungu mrefu, kitambaa cheupe kimefungwa kichwani kwa sababu ya upepo, viatu vyake vyeupe sijui vilipitaje kwenye lile tope. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha karani. Akatazama mikeka, akatutazama sisi ukutani, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu zake akatusalimu.

"Hamjambo wote?"

"Hatujambo, Mama!" wakajibu wagonjwa.

Walijibu wote kwa pamoja, kama darasa la kwanza. Aliyevunjika shingo alijibu. Aliyeungua alijibu. Mama mmoja aliyekuwa ametoka kuzama mtoni aliongeza shikamoo. Na Kasimiri, bingwa wetu, ambaye nzi walikuwa wamemkatia tamaa, alifungua jicho moja, akaona kitambaa cheupe, akadhani ni mtawa, akaketi akafanya ishara ya msalaba. "Tumsifu Yesu Kristo, Sista!"

Mwalimu Festo alifunika uso kwa mikono miwili. Konsolata alimsukuma baba yake akalala tena. Bibi Mkaguzi alibana midomo, nami nilishindwa kujua kama anazuia hasira au kicheko.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "wagonjwa wako wana afya nzuri sana."

Kisha macho yake yakaangukia mkeka wa mwisho. Pale Methusela wangu alilala kimya, mdomo wazi, kofia imemwangukia sikioni. Hakuitikia. Hakutikisa hata ukope.

"Ah," alisema Bibi Mkaguzi, na uso ukamlainika. "Huyu ndiye mgonjwa. Tutaanza na huyu."

Sitasema uongo, nilijaa majivuno. Niliwatazama wale mama wa Kikatoliki mmoja mmoja. Kuzimia ni huko, niliwaambia kwa macho. Mwalimu Festo naye alipata nguvu akasoma swali: mgonjwa huyu ameanguka kutoka mtini, amezimia, mguu wa kulia umevunjika, ufungwe.

Tabea akapiga magoti. Akachukua vibao. Nikaona akiinama karibu na sikio la babu yake na midomo ikicheza kidogo. Mwalimu alikuwa amewakataza wanafunzi kabisa kuwaamkia wagonjwa, alisema ni kupoteza muda. Lakini mtoto wa kwetu anawezaje kumshika mkubwa mwilini bila kumwamkia? Alikuwa akifanya hivyo kila siku ya mazoezi, na kila siku babu yake alimwitikia kwa kunong'ona, hiyo ilikuwa siri yao.

Nikamwona anarudia. Kisha akarudia kwa sauti, sote tukasikia. "Kamwene, Babu."

Kimya.

Tabea akaweka vibao chini. "Mwalimu, huyu amezimia."

"Ndiyo, amezimia," alisema mwalimu Festo kwa meno yaliyofungwa. "Endelea na mguu."

"Amezimia kweli!"

"Vizuri! Ndivyo swali linavyosema! Mguu!"

"Mwalimu, babu yangu hajaitikia!"

Bibi Mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, bila shaka akifikiri hawa ndio waigizaji aliokuwa akiwatafuta. Lakini mimi nililisikia neno lile. Hajaitikia. Methusela anayewaitikia watu usingizini, anayemwitikia ng'ombe, ameamkiwa na mjukuu wake kwa sauti na hajaitikia. Nilitoka ukutani nikikimbia, sikujali mikeka, nadhani nilimkanyaga yule mama aliyezama.

Tabea hakunisubiri wala hakumsubiri mwalimu. Alikwisha kutega sikio kifuani na puani mwa babu yake, na hapo nami nikasikia anachosikia, sauti ya maji yanayogugumia kooni. Akamshika bega na nyonga, akamgeuza ubavu, mkono huu hapa, goti lile pale, kama alivyokuwa akimgeuza mbuzi wangu mazoezini. Akamfungua kinywa, akaingiza vidole vilivyovikwa bendeji, akatoa kipande cha kiazi.

Ndipo kibuyu chote kikarudi. Kilirudi kwa nguvu, kikaenda mbali, na kikaishia kwenye viatu vyeupe vya Bibi Mkaguzi. Hata upepo wa Makambako haukuweza na harufu ile. Kila mtu barazani alijua ni nini, na Kasimiri, aliyekuwa ameketi tena, alisema polepole kama mtu anayesoma msiba, "Mkangafu."

"Mgonjwa, amka!" aliita mwalimu Festo. Sauti ya amri ilikuwa imemtoka, alikuwa kama mtoto. "Mgonjwa, tafadhali, amka!"

Mimi nilikaa chini kwenye uchafu nikakishika kichwa cha mume wangu. Nilikuwa na maneno makali ya miaka yote tayari mdomoni, na hakuna hata moja lililotoka. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Anavuta pumzi sasa, Tabea aliniambia, Bibi, anavuta pumzi vizuri. Sikutaka pumzi. Nilitaka kile ninachokijua.

"Kamwene, Baba Mika," nilisema. "Kamwene. Kamwene, wewe mwanaume."

Sijui nilisema mara ngapi. Nje upepo ulikuwa ukivuma. Kisha midomo ya Methusela ikatembea, na kutoka mbali sana, kwa sauti ya kamba iliyokatika, akasema, "Kamwene. Habari za nyumbani?"

Jamani, wagonjwa wote waliruka. Aliyevunjika shingo alimkumbatia aliyeungua. Nami nililia, kisha nikamzaba Methusela kofi dogo la begani, kisha nikalia tena.

Bibi Mkaguzi alikuwa amevua viatu. Alipiga magoti miguu mitupu karibu na Tabea, akashika mkono wa Methusela akahesabu mapigo, akamfunua jicho, akaridhika. Kisha akamgeukia mtoto.

"Mimi nilimtazama nikaona anaigiza. Mwalimu wako pia. Wewe ulijuaje?"

"Nilimwamkia, Mama," alisema Tabea, macho chini. "Tumekatazwa. Lakini nilimwamkia, naye akanyamaza. Babu hawezi kunyamaza."

Bibi Mkaguzi alimtazama mwalimu Festo. "Unawakataza kuwaamkia wagonjwa?"

Mwalimu alisimama wima kama yuko mbele ya kamanda. "Nilikuwa nawakataza, Mama. Kuanzia sasa nawaamuru."

"Vizuri. Lakini huu ni mtihani," alisema Bibi Mkaguzi, "na mguu haujafungwa."

Nilitaka kumrarua. Tabea alichukua vibao akaanza upya, bendeji ikizunguka taratibu, huku mgonjwa wake akiwa amelala ubavu na kuamkiana na kila mtu barazani, Wakatoliki kwa Walutheri, akiwauliza habari za safari kana kwamba hakuja nao. Hakuna aliyemnyamazisha. Fundo la mwisho lilipofungwa, Bibi Mkaguzi alilivuta, likashika. Akakubali kwa kichwa, na Tabea akajua amefaulu. Konsolata naye alifaulu siku hiyo, ingawa baba yake alimwita mkaguzi Sista mpaka mwisho.

Habari zilifika Njombe kabla yetu. Jumapili ile ile Methusela alisimamishwa mbele ya kanisa. Mchungaji, ambaye naamini moyoni alikuwa anacheka, alimuuliza kwa nini mzee wa kanisa ameonja kilevi.

"Nilitaka kunyamaza, Mchungaji, ili mjukuu wangu afaulu."

"Na ulinyamaza?"

"Nilinyamaza sana."

Akavuliwa uzee wa kanisa, akatengwa na meza ya Bwana kwa muda, akaondolewa benchi la mbele akawekwa la mwisho kabisa, kando ya mlango. Mimi nilidhani itamwua kwa aibu. Loo! Pale mlangoni kila anayeingia lazima ampite, na kila anayempita lazima amwamkie. Aliamkiana na kanisa zima likiingia, akaamkiana nalo likitoka. Muda wa adhabu ulipokwisha, wakamwita arudi mbele. Alikataa, na yuko huko huko mlangoni mpaka leo.

Tabea tulimsindikiza mpaka Makambako, akapanda gari la kwenda chuoni na sanduku la bati. Likizo ya kwanza alikuja kanisani na gauni lake jeupe la kazi, maana nilimlazimisha alivae. Alifika mlangoni, akainama karibu na sikio la babu yake kama siku ile barazani. "Kamwene, Babu." Kisha hakuingia. Alisimama pale, watu wakijazana nyuma yake, akangoja.

"Kamwene, mjukuu wangu! Habari za huko? Habari za wagonjwa?"

Hapo ndipo akaingia.

Mimi sikuwa mtu wa salamu, Methusela alikuwa akisalimia kwa ajili yetu wote wawili. Lakini sasa ni mzee sana, na usingizi wake umekuwa mzito. Asubuhi nikiamka, kabla sijashika kuni, namgeukia na kusema, "Kamwene, Baba Mika." Akishaitikia, ndipo nawasha moto.